Ukienda kisiwani, panga kurudi kwanza

Likizo ya kisiwani mimi huanza kuipanga kwa boti ya kurudi. Ndege huiwekea siku nzima baada ya boti, kamwe si jioni ileile, maana bahari ikichafuka nahodha hang'oi nanga hata umlilie. Niliwahi kulala gatini, begi nimelifanya mto, huku ndege yangu ikipaa bila mimi. Nikashika adabu. Mliozamia kwa mitungi ya hewa mna sababu nyingine: ngojeni walau saa 18 kabla ya kuruka, na 24 ni bora zaidi.

Dawa ya kichefuchefu imeze saa moja kabla ya safari, si ukishaanza kutapika. Kaa katikati ya boti, tazama upeo wa bahari, simu iweke mfukoni. Majaketi ya kuokolea yakiwa hayatoshi abiria, shuka. Nauli isirudi, shuka tu.

Jambo ambalo wageni hawaulizi ni kupwa na kujaa. Siku moja maji yakiwa yametoka, nilifuata fungu la mchanga nikiokota makombe. Macho yangu yalikuwa mbele, baharini. Kumbe maji yanaingia nyuma yangu, kwenye kijito kati yangu na ufuko. Nilipokivuka yalinifika kiunoni, viatu nimevishika juu ya kichwa, na chini kuna mwamba wenye miiba. Sehemu nyingi maji hujaa kwa kama saa sita, ila si kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yananyemelea. Ya tatu na ya nne yanakuja mbio, karibu nusu ya maji yote huingia hapo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huzidi. Yakianza tu kurudi, geuka. Na viatu vivae.

Mkondo ukikuvuta nje, usishindane nao: ogelea sambamba na ufuko mpaka ukuachie. Ukichoka, elea, punga mkono.

Pikipiki ya kukodi ijaribu breki, piga picha kila mkwaruzo, vaa helmeti. Bima nyingi hazilipi kama leseni yako si ya pikipiki.

Tumbo likiharibika: lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mimi hubeba mchanganyiko huo umeshapimwa, kwenye kijimfuko cha plastiki. Sasa nakiandika jina kwa kalamu nzito, tangu afisa mmoja wa uwanja wa ndege alipokiinua kwenye mwanga, akanitazama, akakitazama tena.