Namna ya kuhesabu pumzi za mtoto na kuelewa kifua chake kinasema nini

Hii naiandika kwa wanafunzi wa uuguzi, wahudumu wa afya ya jamii na mzazi yeyote mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 ndani ya nyumba. Stethoskopu (kile kifaa cha kusikilizia kifua) huhitaji. Unahitaji macho, mwanga wa kutosha, simu yenye taima na mtoto aliyetulia, na hicho cha mwisho ndo kigumu kuliko vyote. Wengi tunausoma mfumo wa upumuaji kwa kukariri ile picha ya mapafu yenye mishale, afu tukifika wodini mtoto anakohoa tunakimbilia kusikiliza mgongo, wakati majibu mengi yako wazi kabisa pale tumboni kabla hata hujamgusa.

Hatua ya 1, mwache alipo. Yuko mapajani kwa mama, abaki hapo hapo, usianze na mzani, usianze na kumtoboa kidole kwa kipimo cha malaria, vyote hivyo vitakuja. Akiwa ananyonya subiri amalize. Mwambie tu, "Mama, naomba umpandishe blauzi kidogo tuone tumbo na kifua, usimvue yote." Akilia usihesabu, kilio kinapandisha namba na utamwandikia mtoto ugonjwa ambao hana. Homa nayo inapandisha kidogo ila isiwe sababu ya kuidharau namba uliyoipata.

Hatua ya 2, chagua sehemu moja ya kukazia macho, na kwa mtoto mdogo chagua tumbo. Mapafu hayana misuli ya kuvuta hewa, yanapanuliwa. Mtu mzima akivuta, kiwambo (msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo) kinashuka, misuli ya katikati ya mbavu inazinyanyua mbavu kwenda juu na nje, nafasi ya ndani inaongezeka, presha inashuka chini ya ile ya nje na hewa inaingia yenyewe. Sasa mtoto mchanga mbavu zake zimelala karibu usawa na sehemu kubwa bado ni gegedu laini, hata akizinyanyua hapati nafasi ya maana, kwa hiyo kazi karibu yote inabaki kwa kiwambo, na kiwambo kikishuka kinasukuma vilivyoko tumboni, ndo maana unaona tumbo linapanda. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Sio mbili! Hili nalirudia kwa kila mwanafunzi.

Hatua ya 3, weka taima dakika 1 nzima. Ile habari ya kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne achana nayo kwa watoto, maana wachanga hawapumui kwa mpangilio, anaweza kwenda haraka haraka, akasimama kidogo, akaendelea, na ukikosea pumzi 2 tu kwenye sekunde 15 tayari umekosea 8 kwenye dakika. Weka taima ilie yenyewe ili macho yasitoke kwenye tumbo.

Hatua ya 4, linganisha na umri. Vigezo vya WHO (Shirika la Afya Duniani) ni hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Yule wa chini ya miezi 2 ukipata 60 au zaidi hesabu tena mara ya pili, na ikibaki hivyo huyo sio wa kuangaliziwa nyumbani.

Kwa nini basi mtoto mwenye nimonia, yaani maambukizi ya mapafu, anakimbiza pumzi badala ya kuvuta ndefu? Hapa ndo fiziolojia inakuwa tamu. Mtu mzima akipumua kawaida anaingiza kama mililita 500, lakini kama 150 kati ya hizo zinaishia puani, kooni na kwenye mirija mikubwa ambako hakuna kubadilishana gesi, zinatoka kama zilivyoingia. Mtoto wa kilo 5 yeye anaingiza kama mililita 30 mpaka 40 tu, na nimonia ikijaza maji na usaha kwenye vifuko vya hewa pafu linakuwa gumu kupanuka, hawezi kuongeza ukubwa wa pumzi kwa kiwambo peke yake, njia iliyobaki ni kuongeza idadi. Tena kwa kila kilo ya mwili mtoto mchanga anatumia oksijeni kama mara mbili ya mtu mzima. Kwa hiyo anafanya kazi ya ziada huku sehemu ya kila pumzi inapotea njiani, na akichoka anachoka ghafla. Mtoto aliyekuwa anapumua 70 akashuka kwenye 30 huku amelegea hajapona, huyo anaishiwa nguvu.

Halafu kuna suala la upana wa njia. Ukinzani, yaani ugumu wa hewa kupita kwenye mrija, unaongezeka kwa kipeo cha nne kadiri nusu kipenyo kinavyopungua. Chukua njia ya hewa ya mtoto yenye upana wa milimita 4, ikivimba milimita 1 kuzunguka inabaki milimita 2, ukinzani umepanda mara 16. Uvimbe huo huo kwenye njia ya milimita 8 unaacha 6 na ukinzani unapanda kama mara 3 tu. Ndo maana mafua yanayompitia baba kama mchezo yanamlaza mtoto, na ndo maana pua ya mchanga iliyoziba ni jambo la kusafisha kabla hajanyonya, kwa sababu anategemea pua zaidi kuliko mdomo.

Hatua ya 5, angalia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Akivuta hewa hapo panatakiwa patoke nje pamoja na tumbo. Pakiingia ndani wakati anavuta, na inatokea kila pumzi, ametulia, hanyonyi, hapo kifua kinabonyea kweli. Kiwambo kinavuta kwa nguvu kubwa kupita kiasi na mbavu zile laini zinashindwa kustahimili, zinafuata ndani. Nyama ya katikati ya mbavu peke yake ikiingia usiihesabu hapa. Na mchanga wa chini ya miezi 2 kifua kubonyea kidogo ni kawaida, tafuta kule kubonyea kwa kina kunakoonekana wazi.

Hatua ya 6, sogeza sikio karibu na mdomo wake. Sauti ya kukwaruza akivuta ndani, shida iko juu, kwenye zoloto (kisanduku cha sauti kooni), kwa sababu njia iliyo nje ya kifua inasinyaa wakati wa kuvuta. Mluzi akitoa hewa, shida iko kwenye mirija midogo ndani ya kifua, hiyo inabanwa wakati wa kutoa. Kuguna kila anapotoa pumzi ni mtoto anafunga nyuzi za sauti nusu ili vifuko visisinyae vikagandana, ujanja wa mwili huo, na ni dalili mbaya. Mwenye mluzi kituoni atapewa dawa ya kuvuta ya kutanua mirija, afu unahesabu upya kabla ya kuita nimonia.

Na kimeo kiacheni jamani. Kinaning'inia nyuma ya kinywa, hakizibi njia ya mapafu wala hakizalishi kikohozi, kukikata kunaleta damu na maambukizi, na siku zinapotea wakati nimonia inaendelea chini.

Hatua ya 7, amua. Hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, anakwaruza akivuta hewa huku ametulia, midomo ya bluu, oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni chini ya asilimia 90: ni hospitali sasa hivi. Pumzi za haraka au kifua kubonyea bila hayo, ni kituo cha afya leo leo na sio kesho, hata kama malaria imetoka posi, maana vyote viwili vinaweza kuwa pamoja. Zile antibayotiki zilizobaki za dada yake usimpe. Akianzishiwa dawa arudi baada ya siku 3 ahesabiwe tena, akizidiwa kabla ya hapo asisubiri.

Kwenye kadi andika namba kamili, saa, na hali yake, mfano "54 kwa dakika, saa 4 asubuhi, ametulia, kifua hakibonyei". Ukiandika "anapumua haraka" peke yake atakayempokea jioni hana cha kulinganisha.