Kusimamia Sukari, Presha na Moyo Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Malindi

Mwenye kisukari aliyekatwa tumbo au kuunganishwa utumbo upya ili apungue uzito huona sukari yake ikishuka ndani ya siku chache tu, hata kabla mizani haijaonyesha tofauti kubwa. Hula kidogo mno, ini lake hupunguza kumwaga sukari kwenye damu, na chakula kinachofika upesi kwenye utumbo mdogo huamsha homoni, hasa GLP-1, inayohimiza kongosho kutoa insulini. Kwa hiyo dozi iliyomfaa wiki iliyopita yaweza kumwangusha wiki hii.

Kabla ya kuondoka hospitali ya Mombasa au Nairobi kurudi Malindi, mwombe daktari akuandikie ni dawa gani uendelee nayo, ipi upunguze na ipi uache. Insulini na vidonge vya kisukari viitwavyo glibenklamaidi zahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hushusha sukari hata kama hujala. Usiache dawa kwa kuwa jirani aliacha, wala usishikilie dozi ya zamani kwa mazoea. Pima kama ulivyoelekezwa, uandike daftarini; ukikuta chini ya milimoli 4 kwa lita, kunywa gramu 15 za glukosi, upime tena baada ya dakika 15, kisha umpigie daktari.

Presha nayo hushuka, na hapa joto letu la kaskazi huongeza hatari. Tumbo dogo halipokei bilauri nzima kwa mkupuo, jasho linatoka, na anayemeza dawa za kukojoza hukaukiwa upesi. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa hadi yafike lita 1.5 au zaidi. Pima presha ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama. Ukipata kizunguzungu, au namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi unaposimama, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, maana miezi ya mwanzo haifai kufunga.

Katika mlo, anza na samaki, wali ufuate. Halwa na kaimati, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo, huweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara; mwenyeji wa harusi aelezwe mapema, naye ataelewa. Madafu yana sukari, yasichukue nafasi ya maji.

Kuhusu moyo, utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliofuatilia watu zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa maradhi ya moyo na kiharusi mara chache kuliko wenzao wasiopasuliwa. Hata hivyo, aliyewahi kupata shambulio la moyo asiache dawa za kolesteroli kwa kuona amepungua. Kisukari pia huweza kurejea baada ya miaka, hivyo kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita (HbA1c) kiendelee kufanywa angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na vipimo vya damu vya madini ya chuma na vitamini B12.