Kuwafunza walimu wa lugha kubuni kazi za mtandaoni za wanafunzi: ninavyofanya kutoka Kisumu

Mara ya kwanza kuwafunza walimu wenzangu mtandaoni nilijitayarishia slaidi 42. Nikaketi mezani kwangu hapa Mamboleo, simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani chai, nikaeleza programu baada ya programu kwa saa moja na nusu. Kamera zote zimezimwa, naongea na giza. Nilipomaliza, mwalimu mmoja wa Siaya akafungua maikrofoni, ng'ombe analia nyuma yake, akauliza: "Sasa mwalimu, kesho gredi ya nane niingie na nini?" Sikuwa na jibu. Slaidi zile nilizifuta usiku uo huo.

Tangu hapo nina sharti moja: mwalimu habuni kazi yoyote ya mtandaoni kabla hajaifanya moja yeye mwenyewe, akiwa mwanafunzi, kwa simu yake na kwa bando lake. Awe anafundisha Kiswahili, Kiingereza au Dholuo, anzia hapo.

Chukua walimu kumi na wawili, usizidishe. Mimi hutumia wiki sita. Darasa lenyewe ni kikundi cha WhatsApp. Mkutano wa video ni mara moja kwa wiki, dakika 40, saa tatu usiku, watu wakiwa wameshakula. Mengine yote huandikwa au hurekodiwa kwa sauti ili aliyepotelewa na stima ayakute asubuhi. Huku kwetu radi ya jioni haimuulizi mtu kama ana mkutano.

Wiki ya kwanza sisemi lolote kuhusu ubunifu. Nawagawa walimu makundi ya watu wanne na kuwatumia kazi hii: "Ninyi ni watu wa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Magugu maji yamefunga njia ya mitumbwi. Kesho kuna baraza, na chifu ametoa dakika mbili tu. Je, mtaomba mashine ya kuyang'oa, mtaomba fukusi waachiwe wayale, au mtataka kuyavuna myatumie? Kubalianeni, kisha mrekodi hotuba yenu." Mmoja ni mvuvi, mwingine ni mama anayekaanga mbuta, wa tatu huwapeleka watalii kwa mashua, wa nne ni mwenyekiti wa kamati ya ufuo. Kila mmoja anapewa ukurasa wake wa kusoma, tofauti na wa mwenzake, kwa hiyo lazima waambiane.

Basi hapo ndipo kelele huanza. Kuna aliyecheka aliposoma kwamba fukusi waliletwa ziwani makusudi miaka ya 1990, maana kwao fukusi ni adui wa mahindi ghalani. Mvuvi wa kundi moja akasema tung'oe tu. Mwenyekiti akamjibu kwamba Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, kwa hiyo "hata tungeng'oa yote ya upande wetu, upepo ungetuletea ya majirani." Walibishana kwa jumbe za sauti mpaka saa tano usiku.

Kesho yake nawauliza swali moja: sikilizeni rekodi zenu, mhesabu -ki- na -nge-. Wanarudi wameshangaa. Hakuna aliyewaambia watumie sentensi za masharti. Kazi yenyewe iliwalazimisha. Ukilieleza jambo hilo kwa slaidi, watatikisa kichwa na kusahau. Wakilihesabu katika sauti zao wenyewe, linakaa.

Baada ya hapo tu ndipo nawaambia kwamba mtindo huu una jina: WebQuest. Bernie Dodge na Tom March waliubuni mwaka 1995 huko San Diego State University, Marekani. Mifupa yake ni utangulizi, jukumu, hatua, vyanzo, tathmini na hitimisho. Ni wa zamani, ndiyo, lakini kwetu unafaa kwa sababu ya jambo moja: mwalimu huchagua kurasa mapema, mtoto hatumii bando lote akizurura. Muda unaenda kwenye kuitumia habari, si kuisaka.

Wiki ya pili ndiyo ngumu, na hapo usione haya kurudisha kazi za watu. Karibu kila mwalimu ataleta "Tafuta habari kuhusu..." Kipimo changu ni cha kidole: kama mwanafunzi anaweza kubonyeza, kunakili, kubandika na kumaliza, hiyo si kazi. Mwalimu wa Kiingereza wa Kakamega alileta "Andika kuhusu Msitu wa Kakamega." Tuliivunjavunja siku nne. Ikatoka hivi: kuna wageni watatu, mzee ambaye goti linamsumbua, mpiga picha anayetaka ndege tu, na mtoto wa miaka sita. Wapangieni siku moja msituni, kila mmoja apate kitu, na mueleze mlichomnyima nani na kwa nini. Hiyo huwezi kunakili popote.

Wiki ya tatu ni ya zana, nazo nazipitia haraka. Fomu za Google, waraka wa pamoja, na H5P kwa anayetaka mazoezi ya kuburuta maneno. Anayetaka zaidi atatafuta mwenyewe. Lakini kuna mambo ya Fomu ambayo lazima uyaonyeshe polepole, maana yameniaibisha. Nilituma kiungo shuleni, nikasikia wanafunzi wamekaa kipindi kizima wakitazama ukurasa unaowadai barua pepe na nywila. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeweka kila mtu ajibu mara moja tu, na chaguo hilo humlazimisha mtu kuingia kwa akaunti. Swali la kupakia faili nalo hufanya vivyo hivyo. Siku hizi hakuna kiungo kinachotoka kabla mwenye kazi hajakifungua kwenye dirisha fiche la kivinjari, pale ambapo simu haimjui.

La pili, usahihishaji. Ukiiambia Fomu jibu ni "magugu maji", mtoto aliyeandika "magugumaji" anakula sifuri. Weka maumbo yote mawili. Na kwa vitenzi vyetu, "yameng'olewa" na "yaling'olewa" ni mashine gani itakutenganishia? Iachie mashine maswali ya kuchagua. Sentensi zisome mwenyewe. Tena waambie walimu waongeze Kiswahili kwenye kibodi ya simu. Nilipokea "asante sauna" mara tatu kabla sijalisema hilo.

Wiki ya nne kila kazi inajaribiwa na mwalimu mwingine. Hapa tatizo ni adabu. Walimu wetu watapigiana makofi ya emoji na "Hongera mwalimu, kazi safi" hata kama kiungo hakifunguki. Nimepiga marufuku makofi. Mjaribu anatuma ujumbe mmoja wa sauti wenye mambo mawili tu: nilikwama wapi, na nilichukua dakika ngapi. Aliyesema dakika 10 huku yeye ni mtu mzima, mtoto utampa 30.

Wiki ya tano kazi inaingia darasani. Wanafunzi hawana simu shuleni, kwa hiyo mpango uwe wa kishikwambi kimoja kwa watoto sita: msomaji, mwandishi, msemaji, mtunza muda, na wawili wa kupinga. Hao wa kupinga usiwasahau, ndio wanaozalisha lugha. Kurasa zihifadhiwe mapema kama PDF. Penye mtandao hafifu kabisa, Wikipedia ya Kiswahili inasomeka bila intaneti kwa programu ya Kiwix. Na rekodi za watoto zisiende kwenye kikundi zikiwa na sura wala majina. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, nami sitaki kuitwa na mzazi.

Wiki ya sita sitaki picha za wanafunzi wakitabasamu. Kila mwalimu alete dakika moja ya sauti, jina limeondolewa, na mahali pamoja ambapo kazi ilivunjika. Safari iliyopita mwalimu wa Vihiga alileta hotuba ya msichana wa gredi ya saba: "Chifu, kama mashine haina mafuta, tupe mapanga, lakini ukitupa mapanga utupe na chai." Pia alileta malalamiko: kundi zima lilichagua mashine, hakuna aliyegusa ukurasa wa fukusi. Tukaiandika upya usiku ule. Sasa mashine iko, lakini ni moja, na imeahidiwa ufuo mwingine kwanza.