Kusoma rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani

Kwanza usiisugue. Ndimu na majivu, dawa ya masinia ya bibi, hula mistari midogo, na mistari hiyo ndiyo thamani yenyewe. Iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, kisha ikaushe kwa kitambaa laini bila kukandamiza.

Upande mmoja yupo Wilhelm II, kaisari wa Ujerumani, kofia ya chuma kichwani na tai juu yake. Geuza. Ukiona simba mbele ya mti kama mnazi, hiyo ni rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyopigwa kati ya 1890 na 1902. Kampuni ndiyo iliyoanza kutawala pwani ikiwa na makao Bagamoyo, na simba alikuwa alama yake. Si nembo ya dola. Kuanzia 1904 simba hayupo: serikali ilikuwa imechukua hatamu, na mahali pake pana thamani na mwaka. Tafuta hapo herufi ndogo ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Maandishi ya Kiarabu usiyatafute, hayo yako kwenye pesa ya shaba.

Sasa ipime kwa mizani ya sonara. Nzima ina gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kitako. Mizani isome karibu gramu 1.13. Ikifika 1.3, hiyo si fedha ya kiwango chake. Iliyowahi kuwa kidani itakudanganya, kwa sababu ya risasi ya kulehemu iliyobaki pale kilipounganishwa kipete cha kuning'inizia.