Kashata na biskuti za asali za kugawa Krismasi

Krismasi ya kwetu Tabora huangukia katikati ya mvua, na mvua ni adui wa kashata. Unazipika asubuhi zikiwa kavu, jioni zinanata kwenye karatasi. Kabla hujafikiria utepe na vikapu, fikiria unyevu, maana kashata nzuri inatakiwa ikatike kwa meno hata ikikaa kabatini mpaka Mwaka Mpya.

Wengi, kwa kuwa asali ya kwetu ni tamu na haiko mbali, hutamani kuimimina yote sufuriani. Lakini asali huvuta unyevu wa hewani kuliko sukari. Sukari ndiyo ibebe kazi ya ugumu, asali ilete harufu ya miombo.

Kaanga vikombe viwili vya karanga kwa moto mdogo, zisugue kwa kitambaa zikiwa bado za moto, kisha pepeta maganda kwa ungo. Ziache kando ya jiko zibaki vuguvugu. Karanga za baridi hugandisha shira kabla hujamaliza kuchanganya.

Sasa shira. Sukari kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, maji ya limau kijiko kimoja cha chai. Limau hapa si la ladha, linazuia sukari isirudi kuwa chenga. Koroga mpaka sukari iyeyuke, na ikianza kuchemka toa mwiko kabisa. Chenga zilizonasa ukingoni mwa sufuria zifute kwa kitambaa kilicholowa. Usiondoke jikoni. Andaa bakuli la maji baridi, udondoshee tone: likibonyea kwa vidole, bado, likivunjika kwa mlio, ndipo. Wenye kipimajoto watakuta imefika kama nyuzi 150 za Selsiasi. Rangi iwe ya chai ya rangi isiyokolea.

Hapo tia kijiko kimoja cha chakula cha asali, iliki iliyotwangwa na chumvi kidogo, iache ichemke tena kidogo tu, kisha mwaga karanga. Changanya upesi, pindulia kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta pia. Kata ingali ya moto. Angalia mikono, shira hii huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, na watoto wasikae karibu.

Biskuti hazina mashaka mengi. Unga wa ngano vikombe viwili, majarini gramu 125, sukari nusu kikombe, asali vijiko vitatu vya chakula, kiini cha yai, tangawizi ya unga kijiko cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai. Asali ina uchachu wake, ndiyo inayoiamsha hiyo soda. Kanda, sukuma, kata. Kama huna oveni, weka mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, upashe moto, weka sinia dogo juu yake, funika na utie mkaa juu ya mfuniko. Mkaa wa chini uwe mchache, kwa sababu asali huwahi kuunguza sehemu ya chini.

Mimi siweki arki ya vanila, kwa kuwa nyingine zina kileo. Majirani zangu wengi wa Kanyenye ni Waislamu. Idi huniletea pilau na visheti, na Krismasi ni zamu yangu. Nataka wale bila wasiwasi. Iliki inatosha, na kwa kweli naipenda zaidi.

Kufunga: subiri zipoe kabisa, lakini zisilale nje usiku. Kashata na biskuti zikae vyombo tofauti, maana biskuti hulainika zikiwekwa na chochote chenye unyevu. Tumia vikopo au ndoo ndogo za mfuniko unaobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Chini kabisa weka mchele mkavu uliokaangwa kidogo, umefungwa kwenye kitambaa, utanyonya unyevu. Kikapu cha ukindu kipendeze kwa nje, kopo libaki ndani yake. Za kwenda Kigoma kwa treni zijaze kopo mpaka juu, zisipate nafasi ya kugongana njiani.

Na kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mwambie mama yake waziwazi kwamba ndani kuna asali. Mtoto wa umri huo hapewi asali, hata iliyopikwa.