Ukishatoa hewa bombani, usihukumu kwa yuniti za saa

Wakulima wa tungule na mboga wanaopandisha maji kutoka kisima cha bondeni hadi tangi la juu, hasa Pemba kwenye vilima, wanafungua koki ya hewa, kisha wanaiangalia mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla. Wakiona yuniti zinakwenda mbio kuliko jana, wanaifunga na kusema kazi ni bure. Hilo ni kosa, na linawagharimu kila siku.

Hewa iliyojikusanya kwenye kilele cha bomba hubana njia ya maji. Pampu ya pangaboi, yaani inayosukuma maji kwa mapanga yanayozunguka, ikipitisha maji machache, mota hula umeme pungufu kwa saa. Hewa ikitoka, maji huongezeka na mota huvuta zaidi. Kwa hiyo pima yuniti kwa kila lita 1,000 zilizofika tangini.

Chukua pipa, ulimiminie ndoo kumi za lita 20 zilizopimwa, kisha tia alama. Msikisie! Pipa likijaa hadi mdomoni huzidi lita 200, na hesabu yote inaharibika. Liweke kwenye mdomo wa bomba pale tangini. Maji ya koki iliyo karibu na pampu hayajapita kileleni, hayapimi kitu.

Zima friji, taa na kila kinachotumia mita hiyo. Washa pampu, subiri dakika 15, kisha pima sekunde za kujaza pipa hadi alamani. Wakati huohuo mwenzako apime sekunde za taa ya mita kuwaka mara 100. Mwako wa kuanzia saa auhesabu sifuri. Rudieni mara tatu, mchukue jibu la katikati.

Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa huwaka mara 1,000 kwa kila yuniti, hesabu yake ni nyepesi: gawa sekunde za pipa kwa sekunde za miwako, kisha gawa kwa 2. Tuseme kabla ya kutoa hewa pipa lilijaa kwa sekunde 200 na miwako ilichukua 300: yuniti 0.33 kwa lita 1,000. Baada ya hapo pipa 133, miwako 267: yuniti 0.25. Mita imekwenda mbio, lakini kila lita 1,000 zimeshuka bei kwa robo.

Vipimo vyote viwili, cha kabla na cha baada ya kutoa hewa, vifanywe saa 1 asubuhi, kisima kikiwa kimepumzika. Ukipima kimoja asubuhi na kingine alasiri, maji ya kisima yameshashuka, nawe unapima kisima badala ya hewa.

Koki ikae mgongoni mwa bomba, pale juu kabisa. Ifungue polepole pampu ikiwa inafanya kazi, funga maji yakitoka bila mapovu. Ikivuta hewa ndani badala ya kuitoa, ifunge mara moja: hapo bomba halina presha. Mlio wa kukoroma ukiisha, umefanikiwa.

Pima tena baada ya wiki. Pipa likichelewa upya, kagua maungio ya upande wa kuvuta na valvu ya chini kisimani kabla ya kugusa koki.