Kibarua cha mwanafunzi Mbeya na Iringa: piga hesabu ya ujira wako kwa saa

Kabla hujakubali kibarua Mwanjelwa, Uyole au Iringa mjini, uliza: hiyo pesa ni ya kazi ya muda gani? Elfu tano kwa siku inavutia sikioni. Ukiingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni, ni kama shilingi 417 kwa saa.

Anza na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Tafuta sekta ya mwajiri wako, maana kiwango cha shamba kinaweza kutofautiana na cha duka, kisha soma kiwango cha saa. Ukitaka kujilinganisha na mwenzako wa kudumu, gawa mshahara wake wa mwezi kwa 195, yaani saa 45 za wiki mara 4.333. Akilipwa 195,000, saa yake ni 1,000. Wewe unayefanya saa 20 kwa wiki udai 20,000. "Si bado unasoma?" siyo hesabu.

Wanaolipwa kwa kilo ya chai Mufindi au kwa gunia la viazi wagawe malipo ya siku kwa saa zote walizokuwa kazini, pamoja na zile za kusubiri mizani au lori. Hapo ndipo ujira unapopotelea.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi huongezwa asilimia 5 kwa kila saa. Aliye chini ya miaka 18 asipangiwe usiku kabisa.

Ugomvi mwingi hutokana na makato: sahani imevunjika, hesabu ya droo haijakaa sawa. Mwajiri hawezi kukata tu. Lazima kosa liwe lako, upewe nafasi ya kujieleza, ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira.

Anayefanya chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hana haki ya kupewa maelezo ya ajira kwa maandishi, kwa hiyo jiandikie. Mtumie bosi ujumbe: "Tumekubaliana saa nne kwa siku, 1,000 kwa saa, malipo Jumamosi." Akijibu "sawa", usiufute. Kila siku andika saa ya kuingia na kutoka, na tunza meseji za malipo ya simu.

Ukidhulumiwa, mwone afisa kazi au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukiwa umefukuzwa, siku 30. Jaza fomu namba 1, mpe mwajiri nakala kwanza, asaini kuwa ameipokea, ndipo uipeleke Tume. Wengi hurudishwa dirishani kwa kukosa saini hiyo, na siku zinazidi kuhesabika.